Vuli Milimani Karwendel: Kwanza Uliza Nini Kimefungwa

Kazini kwetu likizo hugawanywa vile vile kila mwaka. Wenye watoto wanaosoma huchukua Agosti, na ni haki yao, sisi wengine tunaokota kinachobaki. Mimi hubakiwa na Oktoba. Nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Munich, na Oktoba yangu ilikuwa ya kufua, kulala na kupiga simu Tanga, mpaka rafiki yangu wa Mombasa, naye muuguzi hapa hapa, aliponiambia, "Dada, milima tunaiona dirishani, hata siku moja hatujaenda kuisalimia."

Tukaanza kupanga. Mimi nilinunua viatu, yeye alinunua fimbo za kutembelea, tukajiona tumemaliza. Siku hizo nilikuwa namhudumia bibi mmoja aliyezidi miaka 90. Magoti yake yamekwisha, lakini ukimtajia safu ya milima ya Karwendel anajiweka sawa kitini. Nilipomwonyesha ramani asubuhi moja nikimvalisha soksi, hakuuliza habari za viatu wala mazoezi. Aliuliza, "Na mnajua nini kimefungwa?"

Swali hilo ndilo lililotupangia safari. Julai mtu huanza na anachotaka kuona. Oktoba huanza na kilicho wazi. Nyumba za wapanda milima zilizo juu kabisa, kama zile za njia ya Berliner Höhenweg upande wa Zillertal, nyingi hufungwa mwishoni mwa Septemba. Zilizo chini ya mita 2,000 huendelea mpaka katikati ya Oktoba hivi. Hapo msimamizi anayatoa maji yote kwenye mabomba yasije yakaganda na kuyapasua, anafunga madirisha, anashuka bondeni. Magari ya kebo husimamishwa kwa ukaguzi kabla ya msimu wa kuteleza kwenye theluji. Mabasi ya wapanda milima nayo yana tarehe yake ya mwisho. Ng'ombe wameshateremshwa Septemba, kwa hiyo hata mabanda ya malishoni unakoweza kununua glasi ya maziwa yamepigwa komeo, na hori la maji ulilolitia alama kwenye ramani huenda ukalikuta kavu.

Nyumba nyingi huacha chumba kimoja kwa wapitao baada ya msimu, chenye jiko la kuni na mablanketi. Vingine vinataka ufunguo wa klabu ya milima, na vyote vinataka uje na chakula chako. Wapo wanaovipenda hivyo kuliko nyumba yenyewe. Kwa watu wawili wasiowahi kulala mlimani, tuliona hiyo ni adhabu.

Basi tukachukua karatasi, tukaandika tarehe za kufungwa kwanza, ndipo tukatafuta njia inayoweza kupita katikati yake. Tukaangukia njia ya kuvuka Karwendel kutoka Scharnitz hadi Pertisau, kando ya ziwa Achensee. Karwendel ni milima ya mawe ya chokaa mpakani mwa Austria na jimbo la Bavaria, Ujerumani, hifadhi tangu mwaka 1928. Mto Isar ninaouvuka kila siku kwenda zamu unaanzia humo. Mwishoni mwa Agosti kuna wakimbiaji wanaoimaliza njia hiyo, kilomita 52, kwa siku moja. Sisi tuliigawa kwa nyumba: Karwendelhaus iliyo mita 1,771, Falkenhütte mita 1,848, na Lamsenjochhütte mita 1,953. Ziko chini, zinachelewa kufunga, na njia kwa sehemu kubwa ni pana.

Lakini kilichotuvutia zaidi ni jambo ambalo vijarida vya utalii havilitaji: kila siku ina mahali pa kutokea. Ukiishiwa nguvu siku ya kwanza unarudi kwa bonde lile lile ulilopandia. Ukifika Kleiner Ahornboden lipo bonde la Johannestal linalokuteremsha mpaka kijiji cha Hinterriß. Na katikati ya safari unapita Eng, ambako barabara inafika. Zipo njia nzuri kuliko hii zinazokupandisha kwenye mgongo wa mlima zikakuacha huko siku mbili bila pa kushukia. Kiangazi, sawa. Oktoba sizitaki.

Halafu kuna jua. Kwa Mwislamu anayeishi Ulaya jua si jambo la kukisia, lipo kwenye simu na ratiba ya swala. Kwetu Tanga, swala ya Magharibi huhama kwa nusu saa hivi mwaka mzima. Munich, katikati ya Septemba inaingia karibu saa moja na nusu jioni. Mwezi mmoja baadaye ni saa kumi na mbili na dakika ishirini na kitu. Na saa zikirudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, linazama saa kumi na moja hivi. Kila siku mchana unapungua dakika tatu na zaidi. Rafiki yangu alikuwa amesoma simulizi ya watu waliopita njia hiyo hiyo Julai, wakaondoka saa nne asubuhi na kufika wakiwa na jua tele. Nilimfungulia ratiba ya swala nikamwambia, hawa wana saa nne za mwanga kutushinda. Tena hilo ni jua la tambarare. Ndani ya bonde linajificha nyuma ya ukuta wa mlima mapema zaidi, na likishajificha tu, baridi inatoka ardhini.

Vilabu vya milima hufundisha hesabu moja ambayo sasa naitumia hata kwa matembezi madogo. Kwa saa moja mtu hutembea kilomita 4, au hupanda mita 300, au hushuka mita 500. Unapiga muda wa umbali peke yake, na muda wa kupanda na kushuka peke yake, unachukua ulio mkubwa, unauongezea nusu ya ule mdogo. Scharnitz hadi Karwendelhaus ni kama kilomita 18 na mita 800 za kupanda. Umbali unakupa saa nne na nusu, kupanda saa mbili na dakika arobaini. Jumla yake, kwa kanuni hiyo, ni saa sita kasoro dakika kumi. Vibao vya njiani havihesabu mapumziko, kwa hiyo tuliongeza saa nzima ya chai, swala na kufunga plasta kisiginoni. Tukajiwekea kuwa mlangoni kabla ya saa kumi jioni. Maana yake ni treni ya alfajiri kutoka Munich, ukipitia Garmisch na Mittenwald, na kuanza kutembea Scharnitz saa tatu asubuhi. Rafiki yangu si mtu wa alfajiri. Alikubali kwa sharti kwamba nisimsemeshe mpaka Mittenwald.

Mama alipiga simu jioni nikiwa nafunga begi.

"Na mizigo anawabebea nani?"

"Tunabeba wenyewe, mama."

"Kiongozi je?"

"Hakuna, mama. Njia zina alama."

Akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, hata Wazungu wakija Kilimanjaro hawaendi peke yao."

Na ni kweli. Kilimanjaro mgeni hapandi bila kiongozi aliyesajiliwa, na nyuma yake wako wapagazi na mpishi. Huku kazi ya kiongozi haijafutwa, umeachiwa wewe. Kipande chake kimoja ni rangi nyekundu na nyeupe iliyopakwa kwenye mawe. Kingine ni utabiri wa hali ya hewa, unaopaswa kuusoma kila jioni. Kingine ni daftari la wageni, ambamo unaandika jina lako na unakoelekea kesho, ili usipofika wajue waanzie wapi kukutafuta. Kuna namba 140 ya waokoaji wa mlimani nchini Austria na 112 ya Ulaya nzima. Simu ikikosa mtandao, na mabondeni humo mara nyingi inakosa, kuna ishara ya kuomba msaada katika Alps: mara sita kwa dakika, kwa filimbi au kwa tochi, unatulia dakika moja, unarudia. Anayekusikia anajibu mara tatu kwa dakika. Helikopta ya uokoaji inalipiwa, na bili yake inaweza kufika maelfu ya euro, ndiyo sababu tulijiunga na klabu ya milima kabla hatujanunua kitu kingine. Uanachama unakuja na bima ya uokoaji, na kitanda kinakuwa cha bei nafuu.

Kuhusu begi nina la kusema kidogo tu. Lisizidi kilo 8. Nguo za kubadilisha seti moja, fulana za sufu badala ya pamba kwa sababu pamba ikilowa jasho haikauki, koti la mvua, kofia, glovu za akiba, tochi ya kichwani yenye betri mpya, na minyororo midogo yenye meno ya kuvalisha viatu pakiwa na barafu. Shuka la kulalia lililoshonwa kama mfuko ni lazima, hawakulazi kwenye mablanketi yao bila hilo. Pesa taslimu, maana mashine za kadi huko juu huamka zikipenda. Na kanga. Wenzetu wananunua taulo za kitaalamu kwa bei ya mbuzi, mimi nilibeba kanga moja iliyokuwa taulo, mtandio, mkeka wa kuswalia na pazia la kitanda katika chumba cha watu kumi na wawili.

Chakula kilitusumbua kuliko vitanda. Vitanda tuliviweka kwa mtandao tangu Julai, kwenye mfumo unaotumiwa na vilabu vya Austria, Ujerumani na Uswisi, na hilo nalo usilichelewe, kwa sababu wikiendi za Oktoba zenye jua hujaa kama Agosti. Lakini jiko la Tirol, jimbo la Austria tulikopita, linapenda nguruwe. Anaingia kwenye supu, kwenye madonge ya mkate, hata kwenye viazi vya kukaanga vilivyoonekana havina hatia. Tuliandika kwenye ujumbe wa kuweka nafasi kwamba hatuli nyama ya nguruwe, tukapiga na simu. Kila tulipofika kulikuwa na madonge ya jibini au tambi za jibini zilizomwagiwa vitunguu vya kukaanga, na tulikula mpaka aibu.

Tulipoondoka ilikuwa siku ya Föhn, upepo wa kusini. Upepo huu humwaga mvua yake upande wa Italia, na ukishavuka mgongo wa Alps unateremka huku ukiwa mkavu na wa joto. Siku hizo milima huonekana kutoka Munich kama imesogezwa usiku, wazee wetu kazini wanalalamika vichwa, na anga linakuwa la buluu ya kutilia shaka. Bonde la Karwendeltal lilikuwa na joto la kutembea kwa fulana. Misonobari ile inayoitwa Lärche ilikuwa imegeuka rangi ya dhahabu, na sindano zake zilikuwa zinadondoka mabegani mwetu bila sauti. Asubuhi tulisikia dume la kulungu likinguruma upande wa pili wa mto, maana Oktoba mapema ndio mwisho wa msimu wao wa kutafuta majike. Rafiki yangu alishika fimbo zake kwa namna nyingine kabisa mpaka nikamweleza ni mnyama gani.

Kesho yake, kutoka Karwendelhaus, tulivuka upenyo wa Hochalmsattel, mita 1,803, tukashuka hadi Kleiner Ahornboden. Hapo pana jiwe la kumbukumbu la Hermann von Barth, mwanasheria wa Bavaria ambaye mwaka 1870 alipanda vilele 88 vya milima hii, 12 kati yake havijapata kukanyagwa na mpanda mlima kabla yake. Nilikuwa nimesoma habari zake, kwa hiyo nilijua kitu ambacho hukitarajii ukisimama kwenye baridi ile: alifia Luanda, Angola, mwaka 1876, akiwa na miaka 31, alikokwenda kufanya utafiti. Tulikaa pale tukinywa chai. Rafiki yangu akasema, "Yeye alikuja kwetu, sisi tumekuja kwake," akafunga chupa.

Falkenhütte iko chini ya kuta za Lalider, mawe yaliyosimama wima mamia ya mita, yakiiziba upande wote wa kusini. Ukitoka nje usiku unasikia vijiwe vikianguka ukutani: maji yanaganda kwenye nyufa, yanayasukuma mawe, yanaachia. Ndani kulikuwa na joto, viatu vyote vimepangwa kwenye chumba cha kukaushia, na karatasi ya utabiri imebandikwa kando ya kaunta. Niliisoma mara mbili. Föhn ingevunjika kesho mchana. Ikivunjika, ubaridi wa kaskazini-magharibi huingia kwa kishindo, na joto linaweza kushuka zaidi ya digrii kumi kwa saa chache. Theluji ilitarajiwa mpaka mita 1,600 kufikia jioni.

Sisi tulikuwa tushuke hadi Eng, kisha tupande tena hadi upenyo wa Lamsenjoch, mita 1,940, ambako njia ni nyembamba na inakata mteremko wa mawe. Nilipiga ile hesabu tena. Hata tukiondoka alfajiri, tungefika sehemu hiyo saa nane au tisa mchana, wakati ule ule ambao utabiri ulisema. Rafiki yangu alitaka tuendelee. "Dada, kitanda kipo, chakula tumeagiza, miguu mizima. Tunaacha kwa karatasi?" Sikumjibu haraka, kwa sababu nami nilitaka. Mtu anayeingojea likizo mwaka mzima hapendi kuambiwa na karatasi. Tulimwuliza msimamizi. Hakutuambia nendeni wala msiende. Alisema yeye kesho ataingiza viti vyote vya nje kabla ya saa sita. Rafiki yangu aliviangalia vile viti kupitia dirishani, akaniambia nitafute ratiba ya basi la Eng. Nilikuwa nayo mfukoni, tangu Munich.

Jambo moja ambalo wageni wengi hawalijui: ukibadilisha njia, piga simu kwenye nyumba unayosubiriwa. Si kwa ajili ya pesa tu. Msimamizi aliyewekewa nafasi na watu wawili, theluji inaanguka na hawajafika, anaweza kuwaita waokoaji watoke usiku kukutafuta wewe uliyelala kitandani kwako mjini. Tulipiga Lamsenjochhütte usiku ule ule. Sauti ya upande wa pili ilishukuru, ikauliza tunashukia wapi, ikatutakia safari njema.

Asubuhi tulipita upenyo wa Hohljoch upepo ukiwa bado wa joto, tukateremka Eng kabla ya saa tano. Hapo ndipo kwenye Großer Ahornboden, uwanja wa majani mafupi wenye zaidi ya miti 2,000 ya Ahorn, jamaa ya ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, mingi yake ikiwa na umri wa mamia ya miaka. Katikati ya Oktoba inakuwa ya manjano yote kwa pamoja, huku kuta za mawe ya kijivu zikiwa nyuma yake. Maegesho yalikuwa yamejaa. Barabara hiyo, ingawa Eng iko Austria, huingia kutokea Bavaria tu, na majira ya baridi hufungwa, kwa hiyo kila mtu alikuwa anawahi. Tulitembea chini ya miti kwa saa mbili bila begi, tukiwa tumeyaacha mgahawani. Kama tungeifuata ratiba yetu ya kwanza tungepita pale mbio mbio tukiwahi upenyo.

Saa nane kasoro upepo ulikata ghafla. Dakika chache baadaye ukarudi kutoka upande mwingine, ukiwa na baridi, na majani yakaanza kuruka kwa ulalo. Tulikuwa tumeshakaa ndani ya basi la kwenda Lenggries. Karibu na Hinterriß mvua ikaanza, na juu, pale mawingu yalipofunguka kidogo, mteremko ulikuwa umeshakuwa mweupe.

Bibi alitaka kusikia yote, na nilipofika kwenye habari za basi alitikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akanikosoa. Alisema tulianza upande usiofaa. Utabiri unaaminika kwa siku mbili au tatu, sasa kwa nini mnaweka sehemu ya juu kabisa mwishoni, siku ambayo hamjui lolote kuihusu? Aanzaye Pertisau anavuka Lamsenjoch mapema, utabiri ukiwa bado wa leo na kesho, na hali ikiharibika baadaye anabaki na lile bonde refu la kushukia Scharnitz, barabara pana ya msituni ambayo hata theluji haikuzuii kuifuata.

Kwa hiyo mwakani tunaanzia Pertisau. Nimeshaandika jina langu kwenye ratiba ya likizo, wiki ya mwisho ya Septemba safari hii, kabla wenzangu hawajaamka. Rafiki yangu bado analalamika kwamba kupanda mita 1,000 siku ya kwanza, begi likiwa na chakula chote, ni uonevu, na anataka mimi nibebe jibini.